Chokaa ya Mama Mkwe

Daktari wa patholojia hakuinua kichwa kutoka kwenye hadubini. Alisema tu kwamba kiti kilikuwa pale, makoti yaliyokuwa juu yake yaondolewe, na kama Inspekta alifuata sahihi, basi amewahi mno.

Inspekta hakuketi. Kituoni walimwita Rula, kwa sababu alinyoosha kila kitu: mistari ya maelezo, mikanda ya askari, hata picha za ukutani katika nyumba za watu aliokwenda kuwahoji. Alieleza kwa sauti ileile ya siku zote kwamba hakuwahi hata kidogo. Kesho asubuhi mwanamke aliyekuwa mahabusu angepelekwa kwa hakimu kusomewa shtaka la kumuua mama mkwe wake. Mwendesha mashtaka alisubiri karatasi moja kutoka maabara hii, yenye kuthibitisha kwamba ule unga mweupe uliokutwa chini ya ngozi ya marehemu ulitiwa kwa sindano. Mengine yote yalikuwa tayari.

"Mengine yapi?" daktari aliuliza.

Rula aliyapanga. Marehemu, mjane aliyevuka umri wa makamo, aliishi na mkwe wake, fundi cherehani; mwanawe ni dereva wa malori ya masafa marefu, nyumbani hulala kama mgeni. Mikono ya marehemu ilikutwa na matundu madogo ya sindano, na chini ya ngozi vinundu vigumu kama kokoto. Kimoja kilipominywa kilitoa uji mweupe, mfano wa chokaa iliyolowa. Ndani ya droo ya cherehani lilikutwa bomba la sindano lenye unga huohuo. Na juu ya yote ilikuwapo sauti ya marehemu mwenyewe. Siku chache kabla ya kufa alimtumia bintiye ujumbe kwenye simu, akasema mkwe wake anamtia chokaa kwa sindano. Binti huyo, mwalimu wa lugha katika mji mwingine, hakuufungua ujumbe ule hadi alipofika msibani. Aliusikiliza, akawasikilizisha waombolezaji wote, akasimamisha mazishi, akaja kituoni na simu mkononi.

"Na mkwe anasemaje?"

"Hasemi. Kila nikimuuliza anajibu kwamba aulizwe mama."

"Mama yuko kwenye friji yangu."

"Ndiyo maana niko hapa."

Daktari aliinua kichwa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye alama mbili nyekundu puani zilizoachwa na miwani. "Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha," alisema. "Mimi ni mwosha wa pili. Kaa uone."

Rula alikunja makoti, akayaweka juu ya kabati, pembe kwa pembe, akaketi.

Kioo cha kwanza kilionyesha ngozi iliyotiwa rangi ya waridi. Katikati ya nyuzi palikuwa na mashimo matupu yenye kingo zilizochanika. Daktari alimweleza kwamba hicho ndicho kilichotoa taarifa ya awali, ile aliyoililia Rula akitaka ipatikane siku hiyohiyo. Kinundu kilikuwa kigumu kuliko kisu cha maabara. Fundi wa maabara alikilowesha kwenye asidi ili kilainike, kama afanyavyo kwa mfupa. Asidi ililainisha, ikala kila kilichokuwamo, na taarifa ikaandikwa kwamba hakuna kitu cha mwili kilichoonekana.

"Tulichemsha nyama tupate kujua kama ni mbichi," alisema. "Fundi aliharakishwa na mimi. Mimi niliharakishwa na wewe. Sahihi ni yangu, na leo naifuta."

Rula alisema taarifa ile imo kwenye jalada tayari, ukurasa wa mbele.

"Basi itoe mbele."

Kioo cha pili kilikatwa kutoka kiwiko cha marehemu, bila asidi. Kisu kilikwaruza njia nzima, lakini kilichokuwamo kilibaki. Rula alifunga jicho moja. Yale mashimo sasa yalikuwa yamejaa madonge ya zambarau iliyokoza, mengine madogo kama mchanga, mengine yameungana kama udongo uliokauka na kupasuka. Daktari alibadilisha kioo. Kipande hikihiki, alisema, kimepakwa maji ya madini ya fedha na kuachwa kwenye mwanga. Penye chumvi za kalsiamu pangegeuka peusi. Madonge yote yalikuwa meusi tititi.

"Kwa hiyo ni chokaa kweli," Rula alisema, akatoa kalamu.

"Ni kalsiamu. Irudishe kalamu. Rangi inakwambia kitu ni nini, haikwambii kiliingiaje."

Kilichofuata alikifanya taratibu, kama mtu anayefunga mlango mmoja baada ya mwingine. Kwanza alikuwa na unga wa chokaa alioukwangua kwenye ukuta wa choo cha maabara, kwa kisu chake mwenyewe, fundi akiwa mlangoni anacheka. Aliuweka chini ya hadubini, akapitisha mwanga kwenye vichujio viwili vilivyokingamana. Duara la hadubini lilizimika lote, na katika kiza kile chembe za ukuta zikang'aa kama vigae vya chupa. Kisha akaweka ngozi ya kijana mmoja wa kesi ya zamani, mlevi wa dawa, aliyejidunga vidonge vilivyosagwa. Nayo iling'aa. Mwisho akaweka ngozi ya mama.

Rula alizungusha gurudumu la hadubini kushoto, kisha kulia. "Sioni kitu."

"Ndivyo inavyotakiwa. Chokaa ya ukuta ingewaka. Unga wa vidonge ungewaka. Chumvi ya kalsiamu inayotengenezwa na mwili wenyewe haiwaki."

"Mwili hauoti chokaa, Daktari."

"Huota mifupa. Ukichanganyikiwa, huiotesha pasipo pake."

Kuna ugonjwa, alieleza, unaokakamaza ngozi. Nyuzi zake hunenepa, vinyweleo na tezi za jasho husongwa, mishipa midogo hukauka. Vidole hugeuka vyeupe kwa ubaridi kidogo tu. Katika ngozi iliyoumia hivyo kalsiamu hujikusanya polepole, hukaza, kisha hutafuta njia ya kutokea. Kiwiko kile hakikuwa na tundu hata moja la sindano, lakini ndani yake mlikuwa mmejaa. Na kwenye mikono yenye matundu, njia ya sindano ilitoka juu ya ngozi ikaishia kwenye kichwa cha kinundu. Haikupita.

"Anayetia hupita ndani akaacha mzigo," alisema. "Huyu alibisha hodi mlangoni tu. Mzigo ulikuwa ndani kabla yake."

Rula alikumbuka glavu. Alizikuta nyumbani kwa marehemu katika kila droo, glavu za sufu zilizofumwa kwa mkono, na nje jua likiwaka. Katika maelezo yake aliziandika kama kificho cha alama za vidole. Hakulitaja jambo hilo sasa. Aliuliza kilichoua.

"Figo. Mishipa yake imejifunga tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu. Ni ugonjwa uleule. Hakuna mtu aliyemuua."

"Lakini yeye mwenyewe alisema," Rula alisema. "Sauti ninayo."

Aliweka simu mezani kati ya vioo, akabonyeza. Sauti ya mwanamke mzee ilitoka, nyembamba, yenye mate mengi, maneno mengine yakimezwa na pumzi. Yaliyosikika vizuri yalikuwa machache. Mkwe. Ananitia chokaa. Kwa sindano. Mwiba. Kisha mkwaruzo mrefu wa pumzi, na mwishoni: mwambie, mti.

Daktari aliuliza huo mti ni mti gani.

"Uani kwao kuna mti. Tulichimba kuuzunguka tukitafuta chupa ya dawa."

"Mkapata?"

"Kijiko."

Fundi wa maabara, aliyekuwa akiosha vyombo, aliinamia beseni. Daktari hakucheka. Aliomba ujumbe urudiwe, akausikiliza akiwa amefumba macho, kisha akauliza kama Rula aliwahi kukitazama kinywa cha marehemu. Rula alijibu kwamba alitazama mikono.

"Meno alikuwa nayo yote. Lakini mdomo haukufunguka kupitisha vidole vyangu viwili. Midomo ilikuwa imevutwa kama mfuko uliokazwa kamba. Ngozi ileile, ugonjwa uleule. Hebu sema 'toa'."

"Toa."

"Umeona mdomo wako ulivyofanya? Umejiviringisha. Sasa shika pembe zake kwa vidole, uvute hadi karibu na masikio, useme tena."

Rula alitazama mlango. Ulikuwa wazi, na kwenye korido kulikuwa na watu kwenye benchi. Akavuta pembe za mdomo wake kwa vidole viwili.

"Tea," alisema.

"Tena, haraka."

"Tia."

Fundi alifungua bomba hadi mwisho, maji yakapiga beseni kwa kelele. Rula alishusha mikono. Masikio yake yalikuwa yamewaka, na alichukua muda mrefu kuipangusa midomo kwa leso. Kisha aliirudia sauti yeye mwenyewe, simu ikiwa sikioni, mara moja, mara mbili.

"Hasemi chokaa," alisema mwishoni. "Anasema chekaa. Mkono anauita mkeno. Hakuna aliyesikia chekaa wala mkeno. Neno lililokosa maana tulilinyoosha wenyewe bila kujua. Hili moja, tia, lilikuwa na maana, tukaliacha kama lilivyo."

"Nani alilinyoosha?"

"Mimi ndiye niliyeandika," Rula alijibu, akatia simu mfukoni.

Hakuomba karatasi tena. Aliomba maelezo ya kioo cha pili na cha tatu, na akaomba yaandikwe bila haraka.

*

Jaribio moja la mdomo si ushahidi, na Rula hakuwa mtu wa kuhama ukingo mmoja kwenda mwingine kwa kuvutwa shavu. Alirudi kituoni, akamwomba mtunza vielelezo mfuko wa droo ya cherehani, akaupeleka dirishani.

Lebo ilikuwa mwandiko wake: bomba la sindano lenye unga mweupe. Alilitoa kwa kibano, akaliinua kwenye mwanga. Ndani ya bomba mlikuwa safi, plastiki angavu, hamna hata vumbi. Unga ulikuwa kwenye ncha ya sindano, tena upande wa nje, umekaukia pale kama unga unavyokaukia kwenye mpini wa mwiko. Mfuko huohuo ulikuwa na bakuli dogo la bati na pamba zilizokunjwa. Aliyafungua madonge ya pamba moja baada ya jingine. Katikati ya kila moja palikuwa na chembe nyeupe na doa hafifu la damu. Mtu anayetia haachi alichotia kwenye pamba.

Mtunza vielelezo alimuuliza kama kuna kitu kimepotea.

"Hapana. Vyote vipo," Rula alisema. "Vilikuwapo tangu mwanzo."

*

Mwalimu alikuwa nyumbani kwa mama yake, sebuleni, ambako cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Kufika mlangoni, Rula ilimbidi apite uani. Mti ulisimama katikati ya shimo la duara, mizizi wazi, udongo umemwagwa hadi kwenye kamba ya nguo. Majani ya chini yalikuwa yameanza kunyauka. Alipita kando yake akiutazama ukuta.

Bintiye marehemu alikuwa mwanamke mrefu aliyezungumza kwa sentensi kamili. Kabla hajaketi alitaka kujua kesho hakimu anaingia saa ngapi, na kama jamaa wataruhusiwa kuingia. Kaka yake, alisema, yuko njiani kurudi na lori, na tangu apewe habari hajataka kuongea na mkewe hata kwa simu. Rula alimwacha amalize. Kisha akaomba asikilizishwe ujumbe mwingine wa mama, wa zamani, wowote.

"Kwa nini?"

"Nataka kumzoea anavyosema."

Aliutafuta, akaweka simu juu ya cherehani. Mama alikuwa akimsalimu, akimweleza kwamba amefika salama kutoka kliniki, kwamba baridi ya asubuhi imemsumbua, na kwamba mkwe amempashia maji ya mete akaloweka mikeno yake ndani. Mwalimu alitabasamu kabla ya kujizuia.

"Alianza hivyo mwaka juzi. Nilidhani ni meno. Nilikuwa namtania. Nilimwambia, Mama, sema moto, mwanao ni mwalimu, usinitie aibu mbele ya wanafunzi. Akacheka. Siku nyingine akanijibu, kwani wewe mwalimu, hujui mimi nasema nini?"

"Ulikuwa unajua?"

"Bila shaka. Maji ya mete, nani asiyejua? Nilisikia moto."

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

Hapo sentensi kamili zilikoma. Alikuja alipojifungua mtoto wake wa pili. Hapana, alikusudia kuja. Simu za picha mama alizikataa, akisema mtandao mbovu. Rula alimwambia kwamba mama alikuwa na ugonjwa wa ngozi uliomvuta uso na kumfunga kinywa, na kwamba mtandao ulikuwa mzuri. Alimweleza yaliyoonekana kwenye hadubini bila kuongeza wala kupunguza. Kisha akacheza ujumbe wa sindano, simu ikiwa kati yao.

Mwalimu alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, mkono mmoja umeshika kitambaa kilichofunika cherehani. Ulipofika kwenye neno lile midomo yake ilijisogeza yenyewe, ikajiviringisha, kama afanyavyo mbele ya darasa akimwonyesha mtoto jinsi ya kutamka.

"Ananitoa," alisema.

Akaichukua simu, akaigeuza kifudifudi. Kwa muda alinyoosha kitambaa cha cherehani ambacho hakikuwa na mkunjo. Baadaye aliuliza, kwa sauti iliyosikika kwa shida, kama wifi yake anajua ni nani aliyeipeleka sauti ile polisi.

"Anajua."

"Na kwamba niliwasikilizisha watu msibani?"

"Hilo pia. Kelele alizisikia. Alikuwa jikoni akipika chakula cha wageni wenu."

Rula alisimama. Alisema anakwenda kituoni, na kwamba gari lina nafasi. Hakusema aje. Mwalimu alivaa viatu kinyume, akavivua, akavivaa tena.

*

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza, viti vitatu, na dirisha dogo lililo juu ya kichwa cha mtu. Mkwe aliletwa akiwa amejifunga kanga begani. Alikuwa mwembamba, mwenye vidole vilivyochomwachomwa na sindano za kazi yake, na alipomwona wifi yake alirudisha macho kwenye meza.

"Shikamoo, wifi," alisema.

Mwalimu, aliyekuwa mkubwa kwake, alivuta kiti akaketi upande wa pili wa meza.

Rula alitaja kwanza lililo la kwanza. Hakutakuwa na shtaka. Taarifa ya maabara imebadilika, na yeye ameshamwandikia mwendesha mashtaka kwamba upelelezi ulikosea kusikia. Hivyo tu, kwa jina lake mwenyewe. Ugonjwa wa mama hautasomwa mahakamani kwa sababu hakuna kesi ya kusomwa.

Mkwe hakuonyesha furaha. Aliuliza ugonjwa gani.

"Dada, tunaujua. Daktari ameuona."

"Mimi sijasema."

"Hukusema. Ungesema siku ya kwanza, usingelala hapa."

"Alinishika mkono nikiwa na sindano," mkwe alisema. "Kliniki walimwangalia kama mwenye ukoma. Waliokuwa kwenye benchi walihama. Akasema, hii ngozi yangu ataijua Mungu na wewe, hata mume wako asijue. Nikasema haya. Sasa yeye yuko huko, Afande, hawezi kuniruhusu. Ningemuuliza nani?"

Rula alitazama maelezo aliyomwandikia mwanzoni. Aulizwe mama. Alikuwa ameandika kando yake, kwa kalamu nyekundu: kejeli.

"Ujumbe wa marehemu," alisema. "Uliwahi kusikilizishwa?"

"Nilisomewa. Na wewe."

"Sauti hukuisikia."

"Hapana. Siku ile msibani nilisikia kelele tu, nilikuwa jikoni."

Kanuni ilitaka kielelezo cha sauti kichezwe mbele ya mshukiwa. Rula aliwafundisha kanuni hiyo askari wapya, kila kundi. Alitoa simu, akaiweka katikati ya meza, akabonyeza.

Kwa sauti ya mkwaruzo wa kwanza mkwe alifumba macho. Halafu, bila kuombwa, alianza kurudia kila kipande nyuma ya ile sauti, polepole, kama alivyokuwa akifanya kila mgeni alipobisha hodi na mama akajibu kutoka ndani.

"Mwanangu, hujambo. Mkono unauma, lakini si sana. Huyu mkwe ananitoa chokaa kwa sindano, polepole, kama anatoa mwiba. Nisingekuwa naye ningekuwa mgeni wa nani."

Pumzi ndefu ikaja, ile ambayo kituoni waliipita kwa haraka kwa sababu ilikuwa mkwaruzo mtupu. Kisha maneno ya mwisho, yale ya mti. Mkwe aliyasema kama alivyoyasema mengine, maana kwake yalikuwa wazi kama mengine.

"Usimwambie mtu."

Simu ilizima taa yake. Mwalimu alikuwa ameweka kiganja mdomoni, na alikiacha pale.

Mkwe alifumbua macho, akawatazama mmoja baada ya mwingine. "Wangapi wamesikia?"

Rula alipenda swali linalojibika, akaanza kulijibu kwa utaratibu. Waliokuwa msibani. Askari wa zamu. Mkuu wa kituo. Mwendesha mashtaka na karani wake. Daktari, pamoja na fundi wa maabara. Na wale waliochimba mti.

"Mti gani?"

Nje ya mlango mtu alipita akiburuta kiti, sauti ikafika mwisho wa korido ikaisha. Rula alisawazisha karatasi ambazo zilikuwa sawa tayari.

Mkwe alisubiri hadi alipoelewa kwamba hatajibiwa. Akaifungua kanga yake, akaifunga upya kiunoni, imara, kama mtu anayekwenda kazini.

"Mama ameoshwa?"

"Bado," Rula alisema. "Mazishi yalisimamishwa."

"Basi twende." Alisimama, akamgeukia wifi yake kwa mara ya kwanza. "Wewe utashika maji. Mlango nitaufunga mimi."